Shemeki Anajipeleka Kasho

1 Septemba, siku ya yenga

Hii kaye ya kuandikia ilikuwa ya Noëlla, mujukuu wangu. Aliolewa Nyamitaba kwa watu wa ng'ombe, akaacha kurasa nyingi bila kitu. Mbele kuko hesabu zake, nyuma sasa kuko mimi: Gustave, muzee wa miaka sabini na kitu, mupika kasiksi, ile pombe ya ndizi. Mapadri walinifundisha mpaka mwaka wa ine, kisha baba akasema ng'ombe hawana muchungaji. Sikulia.

Mvua imeanza. Nimepanda maharagwe, imebaki kona ya juu. Shemeki Sidonie, muke wa mudogo wangu marehemu, amemaliza shamba yake pembeni ya yangu. Mistari yake imenyooka kama watoto wa komunyo. Yangu inatembea vile mimi ninatembea nikitoka kuonja mutungi.

4 Septemba

Mvua.

5 Septemba

Mvua tena. Sidonie ameniletea mboga ya lenga-lenga na karatasi moja ya mafundisho ya Sabato. Nimekula lenga-lenga.

9 Septemba

Daraja imeenda. Asubuhi muto ulijaa, ukaokota miti yote kama mama anayeokota kuni. Samy wa pikipiki alikuwa katikati na mifuko miwili ya mihogo ya soko ya Kashebere. Samy tulimutoa. Pikipiki pia tulitoa. Mihogo imeendelea na safari peke yake, na ni mihogo ya kwanza kupita upande huu bila kusimamishwa na kulipishwa kwa barrière.

Lakini si kichekesho. Ile daraja njo njia ya wagonjwa, njo njia ya wajawazito.

11 Septemba

Chef Kanyamibwa ametuita kwa baraza. Ni mutu wa miaka arobaini, anavaa koti ya marehemu baba yake, na mabega ya koti bado inamungoja. Serikali ile ya makaratasi iko mbali. Tunasikia leo iko hapa, kesho ilikimbia pale. Kwetu chef njo serikali, na polisi yake Marcellin njo jeshi lote.

"Kila siku ya posho, salongo," akasema. "Kila nyumba mutu moja. Miti, mawe, mpaka daraja isimame. Mwenye hatakuja, kasho. Nimemaliza."

Hakuwa amemaliza, kwa sababu Sidonie alikuwa amesimama. Shemeki ni mufupi. Asimame ao akae, tofauti ni kidogo. Lakini watu wote walimugeukia. Yeye ni dikonesi wa Waadventiste, na kwao siku ya posho njo Sabato: hawalimi, hawapiki, hawabebi hata ukuni, toka jua ya siku ya tano inapozama mpaka jua ya posho inapozama.

"Chef," akasema, "daraja ni kazi ya serikali, na hapa serikali ni weye. Umefanya muzuri kutuita. Mimi minaomba kipimo yangu. Unionyeshe mawe ngapi, nitabeba siku ya yenga."

"Mama Sidonie, salongo ni ya pamoja. Nikikupa siku yako, kesho Papa Gustave ataomba siku ya kulala."

"Ile niko nayo tayari," nikasema. "Ziko saba kwa juma."

Watu wakacheka. Chef hakucheka. "Ao unataka salongo yote ihamie siku ya yenga? Na Bakatoliki benye misa ile siku nibaambie nini?"

"Hapana chef, usihamishe. Bakatoliki nabo beko na siku yabo. Siwezi kuiba yabo juu ya kulinda yangu."

"Basi utakuja siku ya posho."

"Sitakuja. Na kasho ni yako. Uko na haki ya kunifunga."

Chef akamuangalia vile unaangalia mutu mwenye amekuletea tusi na zawadi ndani ya kikapu kimoja.

14 Septemba, posho

Salongo ya kwanza. Nilikaa juu ya muti wenye umekatwa, nikawapa wengine moyo.

Nyumba za Waadventiste kwetu ni tisa. Nane zilipata binamu Mukatoliki wa kutuma. Sidonie alisema kutuma mutu afanye kazi kwa jina yako ni kuifanya. Kwa hiyo muchana Marcellin alienda kumukamata kanisani. Alimukuta anaomba, na mwenye alikuwa anaombewa ni Chef Kanyamibwa: Mungu amupe akili, amupe watoto wenye adabu, amukinge na risasi. Marcellin akavua kofia, akangoja. Anasema hajawahi kungoja mutu wa kufunga muda murefu namna ile, na kwamba mwishoni yeye pia alisema amina.

15 Septemba

Walimufungulia asubuhi. Alipita mbele ya nyumba yake bila kuingia, akashuka muto kubeba mawe. Peke yake. Sisi tulikuwa misani.

20 Septemba, siku ya tano

Lazima niandike hii yote.

Saa kumi Marcellin alikuwa kwangu na kikombe. Sidonie akafika na mukeka, Biblia, chupa ya mutobe, maji ya ndizi isiyochacha, na sahani ya bugali amefunika.

"Marcellin, funguo iko wapi?"

"Funguo ya nini, Mama?"

"Ya kasho. Kesho sitakuja kwa salongo. Njoo unifunge."

"Mama, kesho haijafika!"

"Kesho utanifuata kanisani, utanitembeza, utafungua kufuli, utafunga kufuli. Ile yote ni kazi, na mimi njo nitakuwa nimekupatia siku ya Sabato. Nifunge leo mbele jua izame, tupumzike wote wawili."

Marcellin akaniangalia. Mimi nikaangalia mutungi.

"Mama, sina ordre ya chef."

"Sheria ya chef iko ao haiko?"

"Iko."

"Basi iheshimu. Maliza kikombe twende."

Nilizaliwa wakati wa Wabelgiji. Nimeona serikali ikifukuza watu mpaka ndani ya pori, nimeona watu wakificha mbuzi chini ya kitanda kwa sababu serikali inapita. Mutu anayekokota polisi kwenda kasho, huyo sikuwa nimeona.

21 Septemba, posho

Nilienda kumutania kwa dirisha ya kasho. Kwetu shemeki wanataniana mpaka kaburini, na mimi ile deni ya desturi siikosi.

"Shemeki, unapenda serikali sana. Yenyewe inakupenda?"

"Sikuiomba inipende. Weye ulichunga ng'ombe. Lupango, ule uzio wa kuzunguka ng'ombe, kazi yake nini?"

"Kuzuia chui."

"Inakama maziwa?"

"Hapana."

"Inachagua ndama gani atanyonya, na siku gani?"

"Hapana, lakini..."

"Na bila lupango?"

"Chui anamaliza wote."

"Basi. Mimi minataka lupango ya nguvu, Papa Gustave. Nilizika bwana yangu na mutoto mwaka lupango ilivunjika. Mwizi afungwe, muuaji afungwe, njia itengenezwe. Kulea watoto ni ya wazazi. Kulisha wajane ni ya kanisa, na kanisa ikisinzia tuigombeze. Lakini lupango ikitaka kuingia ndani ya nyumba kunipangia siku ya Mungu, nitaiambia na heshima: kaa inje."

Nilitafuta pa kumushika. "Na kasiksi yangu? Chef wako aikataze?"

"Hapana! Akikukataza utaacha juu ya kuogopa Marcellin. Mungu atapata faida gani? Ile ni kazi ya Roho Mutakatifu."

"Anachelewa."

"Minajua. Minamukumbushaka kila asubuhi."

22 Septemba

Nimeenda kuona mawe yake. Nimepima na fimbo: rundo yake inafika kwa kiuno. Rundo ya nyumba yangu, mujusi akijificha nyuma, mukia inabaki inje.

29 Septemba

Mvua ya mawe. Maharagwe bado imesimama.

6 Oktoba

Hakuna kitu.

12 Oktoba, posho

Wamemufunga Sidonie pamoja na mwizi wa mbuzi. Mwizi aliomba mara mbili kuhamishwa.

13 Oktoba

Mwizi ameonyesha mahali mbuzi ilikuwa. Anasema nyimbo zilimushinda. Walifika wimbo wa kumi na ine akaanza kuimba naye, kisha akalia. Watu wakasema, basi aachiliwe, ametubu. Sidonie ndiye alikatala.

"Mungu amemusamehe," akamwambia chef. "Sasa weye fanya kazi yako."

Chef akampa siku tano za kufyeka njia. Mwizi mwenyewe alisema ni haki. Nimefikiri juu ya ile jambo mpaka kikombe ikapoa, na kasiksi haipoake.

26 Oktoba

Vijana wa kanisa yake walikuja na nyundo kuvunja kufuli. Aliwagombeza kupitia dirisha mpaka wakaenda kutafuta Marcellin kumuomba musamaha. Marcellin aliwapa musamaha. Alisema ni mara ya kwanza mutu anamuomba.

9 Novemba, posho

Chef ameanza kuwa na shida ya kweli, na sitamucheka. Leo kwa salongo tulikuwa nusu. Wengine waliposikia Sidonie anakaa kivulini na Biblia, wakapata dini. Samy alisema yeye pia ni Muadventiste sasa. Alisema hivyo chupa iko mukononi. Na muto uko vilevile. Juma hii Joséphine-Marie, mimba ya miezi nane, alivushwa mugongoni ya bwana yake, maji kwa kifua.

11 Novemba

Chef ametuita sisi wazee watano wa baraza.

Kwetu mashamba ni ya chef kwa desturi. Unalima, unakula, na kila mavuno unamupelekea kitunga moja. Kitunga ya Sidonie inafikaka ya kwanza, na maharagwe ya chini ni mazuri sawa na ya juu. Yangu inafikaka ya mwisho, na juu yake kuko maharagwe mazuri.

"Ule mwanamuke ananivunjia mugini, hii kijiji nzima," akasema chef. "Simuchukii. Lakini kasho haimuogopeshi, na watu wanaona. Asipokuja salongo, haya ni mavuno yake ya mwisho. Shamba itaenda kwa mutu mwingine. Tutaweka vidole mwezi wa kumi na mbili."

Hiyo pia ni desturi: shamba haikamatwe mupaka wazee wote watano waweke kidole ndani ya wino. Moja ikikosa, shamba inabaki. Sijawahi kukosa. Mimi ninatiaka kidole mbele watu wamalize kusoma.

Ile shamba, Sidonie hana ingine.

12 Novemba

Nimeenda kumuomba. Ndiyo, mimi.

"Posho moja tu, shemeki. Ubebe jiwe moja, ndogo kama yai, watu waone, iishe."

"Kama ni ndogo hivyo, juu ya nini anaitaka sana?"

"Mupe Kaisari ya Kaisari! Iko ndani ya kitabu yako!"

"Nilimupa. Kitunga nilimupa. Siku ya yenga nilimupa. Mwili yangu nilimupa, auweke kasho. Kuko kitu moja nilimunyima, na ile haikukuwa yangu ya kumupa."

"Atakukamata shamba."

"Baba yake alitupa, yeye anaweza kukamata. Sitamutukana. Ukimusikia mutu anamutukana kwa jina yangu, umunyamazishe."

Nilirudi nyumbani nimekasirika kabisa. Mutu mwenye kichwa ngumu unaweza kumucheka. Mwenye kichwa ngumu na adabu, utamufanya nini?

30 Novemba, posho

Maharagwe imeanza kukauka. Sidonie yuko kasho. Miti miwili mikubwa imelala juu ya muto.

3 Desemba

Mvua. Hatuwezi kung'oa, ikiloa inaoza.

5 Desemba

Mvua. Ndani ya maganda maharagwe ingine imeanza kuota. Sidonie anasimama pembeni ya shamba anaangalia mbingu. Hayo njo chakula yake mpaka mwezi wa sita, na mbegu yake.

6 Desemba, siku ya tano

Mvua mpaka mangaribi. Aliingia kasho na nguo imelowa.

7 Desemba, posho

Jua! Toka asubuhi, kali, kama imetumwa. Saa sita kila ganda ilikuwa inalia ukiigusa. Lakini upande wa Walikale mawingu meusi yalikuwa yanapanda.

Nilisimama kwa salongo nikasema, "Batu ya Mungu, maharagwe ya Mama Sidonie itakufa." Sikupanga hotuba. Chantal, mwenye anapikiaka salongo, akaacha sufuria. Samy akaja. Marcellin akaja: alisema mufungwa wake ni wa kuaminiwa. Tuliingia ndani ya ile shamba tukang'oa kama tunaiba. Tukamaliza, tukaruka kwa yangu, tukang'oa yote isipokuwa kona ya juu, bado ni kijani. Tulipiga na fimbo pale pale, tukabeba. Mufuko wa mwisho ulivuka mulango wa Sidonie na tone la kwanza.

Sasa mvua inapiga juu ya mabati kama wazimu. Nimechoka na nina furaha. Kesho atalia, huyu mwanamuke.

8 Desemba, siku ya yenga

Hakulia.

Tulimungojea kwa mulango, sisi wote, tumenawa nyuso. Akaona mifuko. Akaweka mukono juu ya moja, akafumba macho. Kisha akatushika mikono mumoja mumoja, hata Marcellin.

"Mungu awabariki," akasema. "Muliona mateso yangu. Sitasahau mupaka kufa. Lakini siwezi kuikula."

"Unasema?" nikauliza.

"Muliivuna Sabato. Amri inasema mimi nisifanye kazi, wala mutoto wangu, wala mugeni mwenye iko ndani ya mulango yangu."

"Mimi si mugeni! Ni shemeki!"

"Njo mubaya zaidi."

Nikamukumbusha Yesu na punda mwenye ameanguka ndani ya kisima siku ya Sabato. Mapadri walinifundisha ile, niliiweka miaka sitini nikingoja siku ya kuitumia.

"Punda anaumia," akasema. "Maharagwe haikulia."

"Utakula nini sasa?"

"Sijue."

Alisema "sijue" kama mutu anayejibu saa ngapi. Akasema maharagwe ni ya wale waliovuna. Hakuna mutu aliyenyoosha mukono. Mwishoni Chantal akaipeleka kwa sufuria ya salongo.

9 Desemba

Mupumbavu. Mupumbavu mukubwa. Sitaandika jina yake.

14 Desemba, posho

Tumekula maharagwe yake kwa salongo. Ilikuwa tamu. Hakuna aliyeomba kuongezewa. Chef mwenyewe alipewa sahani, akauliza yametoka wapi, Chantal akamuambia yote. Akarudisha sahani bado imejaa nusu.

17 Desemba

Baraza. Karatasi juu ya meza, wino ndani ya kifuniko ya chupa. Sidonie amekaa mbele kwa kiti kidogo, miguu haifiki chini.

"Mama, uko na neno?"

"Hapana, chef. Niko chini ya neno lako."

Wazee wanne wakaweka vidole. Hawakumuangalia. Ikafika kwangu. Nilitia kidole ndani ya wino, sababu kidole yangu ina mazoea. Kisha ikakatala kushuka.

"Papa Gustave," akasema chef, "unangoja nini?"

"Minauliza kitu, chef. Mimi nikikuona unapita, minaficha mutungi. Samy anaficha pikipiki. Bazee hawa banaficha mbuzi. Sisi tunakuogopa kidogo na tunakudanganya sana. Huyu, ukisema kasho, anakuja mwenyewe. Posho kumi na ine! Analeta kitunga haina uongo. Anakuombea kwa jina. Mugini muzima, mutu mwenye anaamini kweli kama weye ni chef, ni huyu peke yake. Ukimufukuza, utabaki chef wa nani?"

Nikapangusa kidole kwa suruali. Ni suruali yangu ya misa, na ile wino haitoki.

Chef alikamata karatasi, akaangalia vidole vinne, akaikunja, akaitia ndani ya koti ya baba yake.

"Mama Sidonie. Ngambo ya pili ya muto, mawe ya kushikilia miti. Kipimo yako ni vikapu makumi tatu. Siku ya yenga. Polisi atahesabu."

"Aksanti, chef. Nitabeba makumi ine."

"Nimesema makumi tatu."

"Ndiyo, chef."

Samy akapaza sauti toka nyuma: "Na siye Baadventiste wengine?"

"Weye," akasema chef, "ukae kasho posho kumi na ine, uingie mwenyewe mbele jua izame, kisha uje tuongee."

Hapo njo watu walicheka mpaka baraza ikatikisika, na Sidonie pia alicheka. Ana meno machache. Sikuwa najua.

18 Desemba

Shamba iko. Chakula haiko. Nilijaza kikapu kwa mufuko wangu, nikamupelekea.

"Uliivuna siku gani, shemeki?"

Niko na mudomo inayodanganya bila kuniomba ruhusa. Nimedanganya mapadri, maaskari wa namna zote, marehemu muke wangu, na kila chef toka babu wa huyu. Neno "siku ya ine" lilikuwa limekaa tayari juu ya ulimi. Alikuwa ananiangalia tu, anangoja, na alikuwa tayari kuniamini.

"Posho," nikasema.

"Aksanti kwa kuniambia." Akanirudishia kikapu. Nilirudi nayo nikiitukana njia yote.

19 Desemba, siku ya ine

Kona ya juu imekauka. Niliamka na jua, nikaenda peke yangu. Toka nipate wajukuu wa kunilimia, miaka kumi sasa, sijang'oa shamba bila mutu wa kunisaidia. Ilinichukua mpaka saa tisa, na nusu bado imesimama. Nilipiga, nikapepeta, nikapata kikapu moja.

"Siku gani?" akauliza.

"Leo. Ukikatala, uliza mugongo wangu."

Hakuangalia maharagwe. Aliangalia mikono yangu. Akamimina juu ya mukeka, akagawa mara mbili na kiganja.

"Hii ya kula. Hii ya mbegu." Kisha: "Kona imeisha?"

"Imebaki nusu."

"Kesho ni siku ya tano. Tukianza asubuhi tutamaliza mbele jua izame. Nitakuja kukusaidia."

Nimefunika mutungi. Ninalala sasa, kuku wenyewe hawajapanda. Kesho kuko kazi.